Kinanda cha Kibanda Umiza

Mjomba wangu Asajile,

Shikamoo. Najua hutaitikia, maana hata simu zangu huzipokei tangu mwaka jana, lakini shikamoo yangu naiweka hapa juu kila mtu aione. Utaitikia utakapopenda.

Mhariri wa gazeti hili aliniomba niandike habari za kazi yangu, msichana wa Ipogolo, Iringa, amefikaje kutunga muziki wa filamu na tamthilia za televisheni. Alitaka makala ya kawaida, yenye picha yangu nimevaa hedifoni na kukunja uso kama mtu anayefikiri. Nikamwambia habari hizo nimeshazisema mara moja mbele ya taifa zima, na nilisema uongo. Safari hii nitaandika barua, na nitamwandikia mjomba wangu. Nilikukana hadharani, Mjomba, kwa hiyo sitakuja kukuomba radhi kwa kunong'ona jikoni kwa mama.

Niruhusu kwanza niwaeleze wasomaji wewe ni nani. Wewe ni kaka wa mama yangu, Mnyakyusa uliyehamia Mbeya mjini ukiwa kijana, na kwa miaka mingi ulikuwa mtafsiri wa filamu pale Mwanjelwa. Ulikuwa na kibanda umiza chako, banda la mabati lenye mabenchi yasiyo na pa kuegemea, televisheni moja, deki moja na spika mbili. Filamu ilikuja ikizungumza lugha yake, wewe ukakaa kwenye kistuli pembeni ya televisheni na maiki mkononi, ukaigeuza Kiswahili papo hapo. Kihindi hujui, Kichina hujui, na Kiingereza chako, Mjomba, tusidanganyane. Lakini hakuna aliyewahi kutoka mle ndani akisema hakuelewa. Stelingi, shujaa wa filamu, akifukuzwa na maadui katika mji wa ng'ambo, wewe ulitangaza: "Anakata kona ya Mafiati, wazee! Anaitafuta Kabwe! Akifika Kabwe amepona, pale wanamjua!" Watu walisimama juu ya mabenchi wakimshangilia mtu ambaye maisha yake hajawahi kuiona Mbeya.

Mimi nililetwa kwako nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo. Mama alisema nikae kwako nimsaidie shangazi, mkeo, kazi za nyumbani, nisije nikazubaa barabarani Ipogolo nikihesabu malori. Wiki ya kwanza haikuisha ukaniita kibandani, ukanipa rimoti. Kazi yenyewe ilionekana ya kitoto. Sauti ya filamu na muziki wake vilitoka pamoja, kwa hiyo ukitaka kusema lazima sauti yote ishushwe, ukinyamaza ipandishwe. Siku ya kwanza nilikuwa nasubiri nikusikie ndipo nishushe. Ulinigeukia mbele ya watu ukasema kwenye maiki, "Binti, ukisubiri unisikie umeshachelewa. Niangalie mimi, achana na hiyo televisheni."

Nikakuangalia. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nakujua kuliko shangazi alivyokujua. Nilijua kwamba kabla ya sentensi ndefu mabega yako yanapanda, kabla ya mzaha unalamba mdomo, na kabla ya habari mbaya unashusha maiki hadi kidevuni, unakaa kidogo, kisha unairudisha. Nilikuwa nashusha sauti wewe ukiwa bado unavuta pumzi. Watu wakadhani rimoti ile ina akili.

Unaikumbuka ile Jumamosi mchana ya filamu ya mama anayekufa? Ilikuwa ya Kihindi, ndefu, banda limejaa hadi mlangoni. Kijana anamlilia mama yake, wewe unatafsiri kilio chake kwa uchungu wote, mimi nimeshusha sauti vizuri kabisa. Na kwa kuwa nimeshusha sauti, muziki nao haupo. Kijana analia kwenye ukimya, mdomo wazi, mikono juu. Mzee mmoja muuza viazi akauliza kwa sauti, "Huyu mbona analia kama amepoteza funguo?" Banda zima likaangua kicheko. Uliendelea kutafsiri hadi mwisho, lakini nyuma ya shingo yako nilikuona umeumia. Tukiwa tunafunga ukasema, "Maneno yalikuwa mazuri, au siyo?" Nikasema yalikuwa mazuri. Ukasema, "Sasa walichekea nini?"

Nikakujibu kilichokosekana ni muziki. Nilijibu harakaharaka kama mtu anayetaja kitu dukani. Sikujua kwamba ndiyo kazi yangu ya maisha niliyokuwa naitaja.

Kesho yake ukarudi na kinanda cha mtumba, kile cha kutumia betri, vitufe vitatu vya mkono wa kushoto vimekufa kabisa. Ulijua nimewahi kugusagusa kinanda cha shule. Mpango wako ulikuwa rahisi: mimi nashusha sauti ya filamu, wewe unaongea, na chini ya maneno yako mimi napiga. Filamu ileile ikarudishwa Jumamosi iliyofuata kwa sababu ulikuwa na hasira nayo. Ilipofika pale kwenye kilio, nikapiga wimbo pekee wa huzuni niliokuwa naumudu bila kukosea, wimbo wa mazishi wa kanisani.

Kosa lile lingeweza kutokea kwetu tu. Mbeya nzima ni wanakwaya. Mstari wa kwanza haukuisha, mama mmoja wa benchi la nyuma akadaka sauti ya pili. Besi wakaingia. Wanaume wakavua kofia. Muuza viazi yuleyule akasimama, na banda zima likasimama naye, wakaimba ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu, sauti nne kamili, huku kule kwenye televisheni mama ameshakufa, ameshazikwa, na kijana wake ameshapanda farasi kwenda kulipiza kisasi bila kutazamwa na mtu. Mimi niliogopa kuacha kupiga. Wewe ukasimamisha deki, ukasubiri kwa heshima hadi wakamaliza, kisha ukashika maiki ukasema, "Ndaga fijo, asanteni sana. Sasa tumeshazika, tukae, turudi kwenye filamu."

Siku ile sikuwa na hamu ya kucheka, nilitamani mabati yaniangukie. Uliponiona nakusanya nyaya bila kukuangalia, ulisema maneno ambayo mpaka leo sijapata mwalimu wa kunipa yaliyo bora zaidi. Ulisema, "Umepiga vizuri, ila umepiga kitu wanachokijua. Mtu akisikia anachokijua anaondoka hapa, anakwenda kwenye misiba yake. Mimi nataka abaki hapa na huyu mama. Kwa hiyo huyu mama mtafutie wimbo wake."

Huyu mama mtafutie wimbo wake. Nikamtafutia. Nilikaa mlangoni kwa shangazi siku tatu, nikabonyeza hadi betri zikaisha, nikapata kitu kidogo cha noti tano ambacho hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kumzika nacho ndugu yake. Filamu iliporudi kwa mara ya tatu hawakuimba, wala hawakucheka. Muuza viazi alitoka nje kabla taa haijawashwa, akajifanya anatafuta upepo.

Nilikuja kwako kwa miezi mitatu nikakaa miaka miwili. Kila mtu nikamtungia wake. Stelingi alikuwa na wake, mpenzi wake na wake. Kwa waongo nilitenga noti mbili tu, nzito, zilizokuwa jirani na vile vitufe vilivyokufa. Watu walizizoea hivi kwamba jamaa akitokea na suti yake na tabasamu lake, mimi nikazigusa zile mbili, banda lote linaguna kabla hajasema chochote. Wewe uliacha hata kueleza. Ulikuwa unasema tu, "Mmesikia wenyewe."

Halafu simu zikaja na filamu ndani yake, ving'amuzi vikaja kila nyumba, na mabenchi yakabaki na watoto wawili watatu waliofuata kivuli. Ukauza televisheni. Ukaenda Chunya kufungua duka la vipuri vya pikipiki, kwa kuwa kule vumbi linaua pikipiki kila wiki, na mimi nikaenda Dar es Salaam kubeba nyaya kwenye studio za watu. Siku ya kuagana ulinipa kinanda, ukasema betri nitanunua mwenyewe.

Nimefanya kazi, Mjomba. Sisemi kwa kujinyenyekeza. Mimi ni fundi, na najua mimi ni fundi. Nilibeba nyaya miaka mitatu nikitazama wanavyofanya, nikarudi Ipogolo, nikapanga chumba nyuma ya nyumba ya baba, nikazungushia kuta magodoro ya zamani, kwa sababu malori yanayoteremka barabara kuu hayajui kama kuna mtu anarekodi. Tamthilia yangu ya kwanza ilihusu familia ya wapasua mbao wa Mufindi. Picha zilinifikia Jumanne, muziki ulitakiwa Ijumaa, wiki baada ya wiki, na Ijumaa haijawahi kunipita. Muongozaji aliyezoea kumwaga muziki kila mahali kama mchuzi alinipigia akisema, "Dada, hapa pako kimya, watazamaji watalala." Nikamwambia hapo baba wa familia ile ameingia ndani na hajui pa kuweka mikono, muache, asindikizwe na nini? Alinuna. Tamthilia iliporushwa, kipande hicho ndicho watu walichotumiana kwenye simu. Siku hizi ananiuliza kwanza.

Sasa nitaje siri ya kazi ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikipokea picha, kitu cha kwanza ninazima sauti zote za waigizaji. Nachukua maiki, nakaa pembeni ya kioo cha kompyuta, natafsiri. Ni Kiswahili natafsiri Kiswahili, lakini natafsiri kama wewe, na Mafiati yako, na "wazee" zako, na mabega kupanda. Ninajirekodi. Kisha napiga kinanda chini ya maneno hayo, nikijishushia mwenyewe pale ninapovuta pumzi. Nikimaliza naifuta sauti yangu, unabaki muziki. Watu wanasema muziki wangu una namna ya kupumua, na wengine wameandika hivyo magazetini. Unapumua kwa sababu ulitungwa kumfuata mtu anayeongea, na mtu huyo ni wewe. Nchi nzima imekaa sebuleni miaka hii yote ikisikiliza mahali ulipovuta pumzi.

Halafu nikaja nikaharibu.

Unakijua kipindi chenyewe cha televisheni. Mtangazaji alikuwa amevaa vizuri, viti ni vya ngozi, kulia kwangu amekaa mpiga fidla aliyesoma nje. Akaulizwa alisomea wapi, akataja. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na jibu mdomoni, Mwanjelwa, kwa mjomba, kibanda umiza. Nikaviangalia vile viti. Nikatabasamu, nikasema, "Nililelewa kwenye kwaya ya kanisa, huko ndiko muziki wote nilikoujifunza." Wakapiga makofi. Wakati wanapiga makofi nilizisikia zile noti mbili nzito kichwani, na ningekuwa kwenye banda lako watu wangekuwa wameshaguna.

Na wewe unajua jinsi uongo ule ulivyokuwa mkubwa. Kwaya ya Ipogolo ilinitoa nikiwa na miaka kumi na nne. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Wewe mwanangu utakuwa unabeba vitabu." Sauti yangu haijabadilika.

Sikujua kwamba ulikuwa unaangalia. Mama ndiye aliyeniambia, wiki mbili baadaye, akichambua mchicha bila kuniangalia usoni. Kwamba ulikuwa umekaa kwenye mgahawa pale Chunya na wachimbaji, kwamba uliomba waongeze sauti, kwamba uliwaambia wote, "Huyo mpwa wangu. Tulieni msikie, sasa hivi atasema nani alimfundisha." Wakatulia. Mimi nikasema. Wakakuangalia wewe, na mmoja akakuuliza kama na wewe ulikuwa kwaya.

Mama alisema ulimaliza chai yako ukaondoka, na ulipompigia simu jioni ile ulimwambia neno moja tu, "Mwambie mtoto sauti imetoka safi."

Ungenitukana ningeshukuru. Nimeipiga simu yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema bila aibu. Safari moja nilikuja hadi Chunya, nikafika dukani, jirani yako akaniambia umekwenda Makongolosi na haijulikani utarudi lini. Niliacha mfuko wa mchele na viazi vya Njombe juu ya kaunta. Sikuacha barua kwa kuwa sikujua nianze vipi. Sasa najua, nianze kwa kusema ukweli mahali palepale nilipodanganya, mbele za watu.

Basi huu hapa. Muziki wa filamu sikuufundishwa na kwaya wala na chuo. Nilifundishwa na Mjomba Asajile, mtafsiri, kwenye kibanda umiza cha Mwanjelwa, kwa rimoti na kinanda kibovu. Nilimwonea haya, na sikuwa na sababu ya kumwonea haya. Nisamehe, Mjomba. Nimeumia kukuumiza.

Mama amenidokeza jambo lililonichekesha na kuniliza kwa pamoja. Anasema Jumapili mchana, mpira ukiwa kwa Kiingereza pale mgahawani, unazima sauti ya mtangazaji wao na kutangaza mwenyewe, na watu wanaacha mgahawa wenye televisheni kubwa wanakuja kwenye huo wenye mdomo wako. Anasema pia kwamba rimoti unaishika mwenyewe.

Sasa nisikilize. Nimemaliza muziki wa filamu yangu ya kwanza ndefu. Ni habari ya mama mmoja anayerudi kwao Idodi baada ya miaka mingi. Tukio la mwisho halina neno hata moja. Anafika, anakuta mlango umefungwa, anakaa kizingitini, anaanza kutoa vitu kwenye begi kimoja kimoja. Nimemtungia wake. Unapanda vizuri mpaka katikati, kisha nimeushusha chini kabisa, sekunde arobaini, halafu unapanda tena. Fundi wa kuchanganya sauti alinipigia akiwa na wasiwasi. "Dada, hapa umeshusha, lakini hakuna anayeongea."

Nikamwambia, "Yupo."

"Yuko wapi? Simuoni."

"Wewe acha hivyo hivyo."

Muongozaji wa filamu naye akapiga, akasema ni kosa, turekebishe, watu watadhani spika imeharibika. Nikamwambia kila noti iliyomo humo nitaijadili naye isipokuwa hapo, na kama hapo hapampendezi alitoe jina langu kwenye filamu na muziki wote nirudishiwe. Akasema haya, pabaki hivyo. Kabla hatujaagana nikamwomba na jambo lingine, naye akacheka akasema mimi ni mtu wa ajabu, lakini sawa.

Filamu itaonyeshwa Iringa mjini, kwenye ukumbi, Jumamosi mchana, saa zetu zilezile. Mama anajua siku na anajua mlango. Watu wa Ipogolo watajaa, wa Mbeya nimewaalika, na muuza viazi, kama bado yupo hai, nimemtafutia kiti chenye pa kuegemea. Filamu itakapokwisha, taa zitabaki zimezimwa, na lile tukio la mwisho litarudiwa mara moja tu. Pembeni ya kioo kutakuwa na kistuli na maiki. Mimi nitakaa chini, upande wa kushoto, sitaiangalia filamu. Nitakuangalia mabega.

Usipokuja, zile sekunde arobaini zitapita kimya na sitazijaza. Filamu ikienda Dar es Salaam, ikienda nje, popote itakapokwenda, zitabaki hivyo hivyo, na wakiniuliza nitawaambia hapo ni pa nani.

Lakini ukija, usisubiri nikuonyeshe kwa mkono. Sauti nimeshashusha, Mjomba. Ongea.

Mpwa wako,
mshika rimoti